Asilimia 54 inafungua mlango gani?

Majibu ya Mtihani wa Serikali yameanza kuingia kwenye simu, na mji wetu umejaa poda. Kutoka Kataki mpaka Lubuye tunakutana na vijana weupe toka kichwa mpaka miguu, wanaimba, wanakumbatiana, na wadogo zao wanakimbia nyuma. Tunafurahi pamoja nao, kwa sababu hakuna anayejua vizuri kuliko mwalimu namna poda hiyo ilivyotafutwa. Lakini poda ikishaoshwa, mama ndiye anabaki na swali. Mama mmoja anayeuza ndakala alitusimamisha sokoni: "Mwalimu, mtoto wangu amepata 54. Sasa ataingia wapi?" Tukamuuliza: "Mama, alisoma seksioni gani?" Alinyamaza kidogo, akasema: "Ile ya shule iliyo karibu na nyumbani."

Jibu lake ndilo limetufanya tuandike habari hii. Wengi wetu tunadhani mlango wa masomo ya juu unafunguliwa siku ya majibu. Kwa kweli nusu ya mlango huo ilikwisha kufunguliwa au kufungwa miaka minne nyuma, siku mtoto alipochagua seksioni, na siku ile mara nyingi hakuna aliyeketi kuzungumza naye.

Tukumbushane kwanza namna shule ilivyopangwa sasa, maana wamama wengi walisoma wakati sekondari ilihesabiwa kutoka ya kwanza mpaka ya sita. Leo miaka miwili ya kwanza inaitwa ya 7 na ya 8 ya elimu ya msingi. Mwisho wa ya 8 mtoto anafanya mtihani wa kuchaguliwa na kuelekezwa, ule unaoitwa TENASOSP. Baada ya hapo anaingia humanite, miaka 4, ndani ya seksioni moja: pedagojia, sayansi, Kilatini na filozofia, biashara na jestioni, ushonaji, ufundi wa jamii, umeme, makanika, ujenzi, kilimo, na nyingine. Kumbukeni pia kwamba masomo ya bure yaliyoanza 2019 ni ya shule ya msingi. Humanite inalipwa, na mtoto akigundua katikati ya njia kwamba amekosea seksioni, kurudi nyuma ni mwaka mzima wa minervali unaolipwa mara ya pili.

Mwisho wa humanite ni Mtihani wa Serikali, unaofanywa katika nchi yetu tangu 1967. Anayepata asilimia 50 na zaidi anapewa Diploma ya Serikali. Bila hiyo diploma, au karatasi inayolingana nayo, hakuna chuo cha juu kinachotambuliwa kitakachomwandikisha. Hapo wote ni sawa, awe mtoto wa gavana au wa mvuvi. Tofauti zinaanza hatua inayofuata, kwa sababu chuo kinatazama vitu viwili kwa pamoja: asilimia na seksioni.

Kwa asilimia, kila mwaka Wizara ya Elimu ya Juu inatoa maagizo ya mwaka wa masomo. Ndani yake mna kalenda, malipo, na masharti ya kupokea wanafunzi wapya. Kwa kawaida mwenye asilimia nzuri anapokelewa kwa dosie yake, na mwenye asilimia ndogo anaitwa kufanya mtihani wa kuingia. Fakulte zinazokimbiliwa na wengi, kama udaktari na uinjinia, zinapima watoto hata wale wenye asilimia nzuri. Kwa hiyo 54 siyo mlango uliofungwa, lakini mtoto mwenye 54 ajiandae kupimwa tena, akitegemea kile kilichobaki kichwani. Ndiyo maana tunasikitika tukisikia wazazi wanachangishwa pesa kwa siri ili watoto "wasaidiwe" siku ya mtihani. Mama anauza kitenge chake ili anunue asilimia 65, halafu mtoto anakaa mbele ya karatasi ya hisabati kwenye mtihani wa kuingia na hawezi kuandika hata mstari mmoja. Pesa imekwenda, na mlango haukufunguka.

Kuhusu seksioni tuseme wazi, maana hapa ndipo mabinti zetu wanapoumia zaidi. Diploma ya ushonaji ni Diploma ya Serikali kamili, na hatuidharau kazi ya cherehani, iliyolisha nyumba nyingi za mji huu. Lakini msichana aliyekaa miaka 4 na masaa machache sana ya kemia na fizikia, kisha akataka udaktari, atakaa pamoja na watoto waliosoma biolojia na kemia kila juma kwa miaka yote hiyo. Anaweza kuandikishwa, akashindwa mwaka wa kwanza. Ni vilevile kwa mvulana wa biashara anayetaka uinjinia wa migodi kule Lubumbashi: bila hisabati na fizikia za kutosha anakwenda vitani bila silaha. Kinyume chake, sheria, sayansi za jamii na uchumi zinapokea watoto kutoka seksioni nyingi, mradi Kifaransa chao kiwe kizuri, kwa sababu masomo na mitihani ni kwa Kifaransa.

Sasa tutazame milango yenyewe. Masomo ya juu ya serikali yana matawi matatu: iniversite, vyuo vya juu vya ualimu (ISP), na vyuo vya juu vya ufundi, kama vile ISTM ya ufundi wa afya. Watu wetu wamezoea kuvipanga kama ngazi: iniversite juu, ISP chini, ISTM katikati. Sisi tuliopita ISP tunachekeshwa na ngazi hiyo, maana haipo kwenye sheria. Yote ni masomo ya juu, yote yanadai Diploma ya Serikali, na diploma zake zinatolewa na nchi ileile. Kinachotofautiana ni kazi inayomngojea mtoto mbele.

Mlango wa ISP tunaujua kwa miguu yetu wenyewe, basi mtuvumilie tukiuzungumzia zaidi. Mtoto anachagua somo, kwa mfano Kifaransa, Kiingereza, historia, hisabati na fizikia, au biolojia na kemia. Analisoma somo hilo pamoja na namna ya kulifundisha, na kabla ya kumaliza anakwenda stazi, anasimama mbele ya darasa la kweli huku mwalimu wake ameketi nyuma na kalamu nyekundu. Aliyesoma iniversite akitaka baadaye kufundisha sekondari anadaiwa kuongeza masomo ya agregasioni. Wa ISP yamo ndani ya masomo yake. Faida nyingine ni kwamba mwalimu anahitajika kila mahali, hata kijijini kabisa.

Lakini hatutawauzia ndakala zenye mchanga. Mwalimu mpya anaweza kufundisha muda mrefu kabla jina lake halijaingia kwenye listi ya mishahara ya Serikali, na wakati huo anaishi kwa kile wazazi wanachochanga. Mama anayempeleka mtoto ISP ajue hilo mapema, na mtoto ajue, ili asije kutulaumu. Hata hivyo msichana aliyesoma humanite ya pedagojia ana jambo zuri ambalo wenzake wengi hawana: Diploma yake ya Serikali inamruhusu kufundisha shule ya msingi mara moja. Anaweza kufanya kazi mwaka mmoja au miwili, akaweka pesa kidogo kidogo, halafu akaenda ISP kwa pesa yake mwenyewe. Tumewaona waliofanya hivyo, na wanasoma kwa bidii kuliko wale wanaolipiwa kila kitu.

Kwa afya, wazazi wanachanganya vitu viwili. Kuna ITM, iliyo sekondari ya miaka 4 chini ya Wizara ya Afya. Mtoto anaingia baada ya ya 8, na anatoka akiwa muuguzi wa A2. Kuna ISTM, ambayo ni chuo cha juu baada ya humanite: uuguzi, ukunga, labo, lishe, uongozi wa hospitali. A2 anaweza kuanza kazi kwenye santre ya afya, kisha akaendelea ISTM. Kwa mama mwenye watoto watano na mfuko mmoja, njia hiyo ya kusoma, kufanya kazi, na kusoma tena inafaa kuwazwa. Na tofauti na vile watu wanavyosema, kuwa muuguzi hakumpeleki mtoto kwenye udaktari kwa njia ya mkato. Udaktari ni fakulte ya iniversite, ina miaka mingi kuliko masomo mengine, na inaanza mwanzoni.

Kuhusu iniversite, hapa kwetu tuna Iniversite ya Kalemie, UNIKAL, ambayo ilianza kama tawi la Iniversite ya Lubumbashi. UNILU yenyewe ina mizizi ya tangu 1955, wakati wa Wabelgiji, na bado jina lake ndilo wazazi wanapenda kulitaja kanisani. Tunaelewa. Lakini tumeona mtoto anapelekwa Lubumbashi kusoma fakulte ambayo ingepatikana hapa mjini, kwa sababu tu ya jina, na baada ya miezi sita anarudi kwa kukosa chakula. Kabla ya kuchagua Lubumbashi, ketini na karatasi. Andikeni pesa ya kuandikishwa, malipo ya mwaka yanayogawanywa kwa awamu, chumba, makaa, unga, usafiri wa kila siku, na safari yenyewe, ambayo kwa treni kupitia Kabalo na Kamina haina saa inayojulikana. Andikeni notisi za kila kozi, kwa sababu zinauzwa. Andikeni stazi na kazi ya mwisho, ambayo inapigwa kwenye mashine, inasahihishwa, inapigwa tena, inafungwa. Halafu kumbukeni kwamba malipo mengi yanahesabiwa kwa dola, na ninyi mnapata franka. Dola ikipanda katikati ya mwaka, hakuna chuo kitakachowahurumia.

Karatasi hiyo ikionyesha kwamba Lubumbashi inawezekana kwa sababu kuna shangazi wa kumpokea mtoto, zungumzeni na shangazi huyo kwanza, naye aseme kwa kinywa chake ni chumba tu au ni chumba na chakula, na kama msichana atakuwa mwanafunzi au mtumishi wa nyumba. Aibu ya kuuliza leo ni ndogo kuliko machozi ya Februari.

Jambo lingine linalosumbua ni miaka. Zamani miaka 3 ya kwanza iliitwa graduat, na 2 ya nyuma lisansi. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vyetu viliingia kwa jumla katika mpango wa LMD: lisansi ni miaka 3, yenye kredi 180, halafu mastaa miaka 2, halafu udaktari wa vitabu. Basi kaka mkubwa aliyesoma miaka 5 kwa lisansi asimcheke mdogo wake wa miaka 3 kwamba ameacha njiani. Na mama akipanga likelemba au mzunguko wa AVEC kwa ajili ya masomo, ahesabu miaka 3 kwanza, apumue, ndipo aamue kuhusu mastaa.

Kuhusu vyuo vya watu binafsi, vingine ni vizuri. Vingine ni vyumba viwili, kibao kikubwa na muhuri. Wizara imekwisha kufunga vyuo vingi visivyotimiza masharti, na wanafunzi waliokuwa ndani walibaki na risiti mkononi. Kabla ya kulipa hata franka moja, ombeni kuona hati ya Serikali inayokiruhusu chuo kufundisha, yenye namba na tarehe, na mwulize kama diploma zake za miaka iliyopita zilithibitishwa na Wizara. Chuo cha kweli hakikasiriki kwa swali hilo. Kikikasirika, mmekwisha kupata jibu.

Wengine wanatuuliza kuhusu ng'ambo ya ziwa. Kigoma iko karibu kuliko Lubumbashi, mashua zinakwenda, na lugha ya sokoni ni moja. Lakini lugha ya darasani siyo moja: kule sekondari na vyuo ni kwa Kiingereza. Mtoto wa Tanzania anayetaka digrii anamaliza kidato cha 6 na kutafuta angalau ufaulu wa juu katika masomo mawili yanayohusiana na digrii anayoitaka. Wetu anakwenda na asilimia moja ya jumla, kwa Kifaransa, na lazima kwanza diploma yake ilinganishwe na zao kwenye baraza lao la mitihani, NECTA. Mikopo ya wanafunzi ya Serikali yao ni ya raia wao. Kenya nako wanatazama mtihani wa mwisho wa sekondari, na digrii inaanzia daraja la C+. Burundi iko karibu zaidi na sisi kwa jambo la Kifaransa. Hatusemi msiende. Tunasema mtoto anayetaka Kigoma aanze Kiingereza akiwa humanite, asingoje mpaka siku ya kupanda mashua. Na kuna kitu tunachokipenda kule: mtoto anachagua masomo akijua digrii gani inayangoja. Hilo hata sisi tunaweza kulifanya nyumbani, bila ruhusa ya Wizara.

Na aliyekosa 50? Nyumba yake haina poda, na majirani wanapita wakiangalia chini. Mama, usimfukuze mtoto huyo, wala usiwahi kumwoza binti huyo ndani ya hasira ya mwezi huu. Anaweza kurudia mwaka wa mwisho shuleni. Anaweza pia kujiandikisha kama mtu anayejisomea, wale wanaoitwa otodidakte, ambao wana mtihani wao wa insha wa kuanzia kabla ya mtihani wenyewe. Tunajua walimu wazuri mjini hapa ambao Serikali iliwaona mara ya pili.

Tumrudie mama wa ndakala. Mtoto wake, tuligundua baadaye, alisoma biashara na jestioni. Tulimwambia atazame uchumi au jestioni hapahapa Kalemie, ajiandae kwa mtihani wa kuingia kama maagizo ya mwaka huu yataudai, na aulize ISP kama wanafundisha somo la biashara. Mtoto alikuwa akiota udaktari. Hilo lilikuwa gumu kusema, na tulilisema, kwa sababu miaka ya kuota inalipwa na beseni la mama yake. Kuna mdogo wa mtoto huyo anayeingia ya 8 mwaka huu, naye ni msichana mwenye pointi nzuri za hisabati. Huyo ndiye tuliyemzungumzia kwa muda mrefu zaidi pale sokoni. Mama aende kwa prefe, au kwa mshauri wa kuelekeza watoto kama shule inaye, na buletini za miaka miwili. Aulize shule ipi mjini ina sayansi yenye labo na mwalimu wa fizikia wa kweli. Kama shule hiyo iko mbali, ahesabu bei ya miguu ya mtoto pamoja na minervali.

Tumalizie na karatasi, kwa kuwa kila mwaka kuna mtoto anayekosa nafasi kwa ajili ya karatasi. Vyuo vingi vinadai Diploma ya Serikali au hati ya kufaulu, kwa sababu diploma yenyewe inakawia kutoka. Buletini za miaka miwili ya mwisho. Hati ya kuzaliwa. Cheti cha tabia njema. Cheti cha daktari. Na picha ndogo. Fanyeni kopi nyingi mara moja, kisha orijino zibaki nyumbani, mahali ambapo mvua na panya havifiki. Halafu angalieni majina. Buletini inasema jina na jina la baada, hati ya kuzaliwa imegeuza, na fishe ya mtihani imeongeza herufi moja. Kwa mwenye haraka ni kitu kidogo, lakini kurekebisha jina baada ya diploma kutoka ni safari ndefu ya ofisi kwa ofisi. Wenye watoto wanaoanza mwaka wa 4 wa humanite Septemba hii, waende shuleni kabla fishe za mtihani hazijatumwa, wasome jina la mtoto herufi kwa herufi, pamoja na mahali na tarehe ya kuzaliwa. Mama asiyesoma aende na mtoto wake mwingine anayesoma, au atuite. Jioni baada ya masomo tunapatikana.